Namna ya Kusoma Utabiri wa Dhoruba ya Theluji Kabla ya Kuvuka Milima ya Rocky kwa Barabara ya I-70

Mkazi wa Denver au Aurora, jimboni Colorado, anapofungua simu yake Alhamisi jioni na kuona kwamba kesho itaanguka theluji ya inchi 2 tu, hulala kwa amani, na asubuhi hujaza mafuta na kushika njia ya magharibi kama anayekwenda sokoni. Utabiri ameusoma, ila ameusoma wa mahali pasipomhusu. Denver iko mita 1,609 juu ya usawa wa bahari, ilhali handaki la Eisenhower, ambamo barabara ya I-70 hupenya mgongo wa Milima ya Rocky, liko karibu mita 3,400, na mbele yake kuna Vail Pass, kilele kingine cha barabara chenye mita 3,250. Siku njema, kutoka jijini hadi handakini ni mwendo wa zaidi kidogo ya saa moja, lakini kwa hali ya hewa hizo ni kama nchi mbili. Nimewahi kufanya kosa hilo mwenyewe, nikakaa muda wa saa saba ndani ya gari karibu na Silver Plume, kijiji kilicho kabla ya handaki, injini nikiiwasha na kuizima ili kubana mafuta, huku jamaa niliowaacha Denver wakinipigia simu kuuliza hiyo theluji iko wapi, maana kwao jua lilikuwa linawaka.

Maelezo yafuatayo yanamhusu dereva wa lori, mfanyakazi wa hoteli za Vail na Avon anayerudi Aurora mwisho wa juma, na mtu mwingine yeyote anayelazimika kuivuka milima hiyo ya Colorado kati ya Oktoba na Mei.

Tafuta utabiri wa mahali penyewe

Programu ya hali ya hewa iliyokuja na simu hukuonyesha mji, na miji ya milimani imejengwa mabondeni. Kwa hiyo hata ukiandika jina la Vail utapata hali ya kijiji kilicho chini, si ya kilele cha barabara ambako magari hukwama. Ingia kwenye tovuti ya Idara ya Taifa ya Hali ya Hewa ya Marekani, weather.gov, fungua ramani, kisha bofya pale pale barabara inapopita juu kabisa. Utabiri wa tovuti hiyo hukokotolewa kwa miraba ya takriban kilomita 2.5 kila upande, na ukurasa unaofunguka huonyesha mwinuko wa mraba uliobofya kwa futi. Usiache kuutazama mwinuko huo. Vail Pass ina futi 10,662, kwa hiyo ukiona ukurasa unakuandikia futi 8,500 ujue kidole chako kimeteleza bondeni, na utabiri unaousoma ni wa watu wengine. Kwa handaki, tafuta mraba unaokaribia futi 11,000.

Ikiwa unachonacho mkononi ni joto la Denver pekee, kuna hesabu ya haraka inayofaa kukisia. Kwa wastani, hewa hupoa kwa nyuzi 6.5 za Selsiasi kila unapopanda mita 1,000. Kutoka Denver hadi handakini unapanda takriban mita 1,800, kwa hiyo nyuzi 4 za jijini, ambazo humfanya mtu avae koti jepesi na kuona mvua ya rasharasha tu, huko juu zinaweza kuwa nyuzi 8 chini ya sifuri, na rasharasha hiyo hiyo ikawa theluji inayoganda juu ya lami. Hesabu hiyo si amri, kwani zipo siku ambazo hewa baridi hulala mabondeni na juu kukawa na joto zaidi, lakini dhoruba inapokaribia huwa haikosei sana.

Jambo moja huwachanganya hata wenyeji. Maonyo ya safari hii moja hutolewa na ofisi mbili za idara hiyo: ofisi ya Boulder husimamia upande wa mashariki, handaki lenyewe na wilaya ya Summit, na ukishavuka kilele cha Vail Pass unaingia eneo la ofisi ya Grand Junction. Ofisi moja inaweza kuwa imetoa onyo na nyingine haijatoa. Soma zote mbili.

Majina ya matangazo na uzito wake

Matangazo hutolewa kwa majina maalumu ya Kiingereza, na inafaa kuyajua kama yalivyo kwa sababu ndiyo utakayoyaona kwenye simu na kwenye mbao za umeme barabarani. Winter Storm Watch maana yake ni kwamba mazingira ya dhoruba yapo lakini uhakika haujatosha, na mara nyingi hutolewa siku moja hadi tatu kabla. Huo ndio wakati wa kubadilisha ratiba bila gharama kubwa. Winter Storm Warning hutolewa dhoruba inapotarajiwa kwa uhakika mkubwa au inapokuwa imeshaanza. Winter Weather Advisory ni ya kiasi kidogo zaidi, chenye kusumbua safari lakini kisichofikia kiwango cha onyo, na ukumbuke kwamba kiwango hicho hutofautiana kwa eneo, kwa kuwa mlimani hutakiwa theluji nyingi kuliko mjini ndipo onyo litolewe. Mimi naiogopa Advisory kuliko Warning, kwa sababu siku ya Warning watu hubaki nyumbani, na siku ya Advisory wote hutoka na tairi vipara.

Blizzard Warning ina kipimo chake: upepo, au vishindo vyake vya mara kwa mara, wa kilomita 56 kwa saa au zaidi, na theluji inayopunguza upeo wa kuona chini ya mita 400, kwa muda wa saa tatu au zaidi. Zingatia kwamba kipimo hicho hakidai theluji mpya inayoanguka kutoka mawinguni, kwani ile iliyokwisha kulala chini inaweza kuinuliwa na upepo ikatosha kufunga macho ya dereva mbingu zikiwa safi. Snow Squall Warning ni ya dhoruba fupi ya theluji, kwa kawaida isiyofika saa moja, lakini humwangukia dereva ghafla akiwa kasi; ukiipata ukiwa njiani, usijaribu kushindana nayo, bali toka barabarani kwa njia ya kutokea iliyo karibu na usubiri ipite.

Upepo unatoka wapi?

Hili ndilo swali ambalo wengi hulipuuza, nami naliweka mbele ya swali la inchi ngapi. Aliyekulia Moshi analijua jibu bila kufundishwa: upande wa kusini wa Kilimanjaro una migomba na kahawa, na upande wa kaskazini ni mkavu, kwa sababu pepo zenye unyevu wa bahari hugonga mlima kutoka kusini na kusini mashariki, zikapandishwa, zikapoa, zikamwaga mvua yake kabla ya kuvuka. Milima ya Rocky hufanya vivyo hivyo, ila upepo wake hubadilika kwa kila dhoruba, na ukijua unakotoka umeshajua nusu ya hadithi.

Upepo wa kaskazini magharibi huimwaga theluji katika milima ya kaskazini na ya kati, na Vail Pass na maeneo ya handaki hupata sehemu kubwa, wakati Denver inaweza kubaki kavu kabisa na watu wakala chakula cha mchana nje. Upepo wa kusini magharibi hupeleka unyevu kwenye milima ya San Juan, kule Wolf Creek Pass kwenye barabara ya US 160, na I-70 huambulia kidogo. Upepo wa mashariki hufanya kinyume cha vyote: hupanda kutoka uwandani, hugonga vilima vilivyo magharibi ya Denver, na dhoruba kubwa za jiji huzaliwa hivyo. Kati ya tarehe 17 na 19 Machi 2003, upepo wa namna hiyo uliiletea Denver theluji ya inchi 31.8, yaani zaidi ya sentimita 80, na baadhi ya sehemu za vilima jirani zikapata zaidi ya futi 6. Moja ya rekodi kubwa kabisa za Marekani za theluji kuanguka ndani ya saa 24, inchi 75.8, ilipimwa upande huo huo wa mashariki, mahali paitwapo Silver Lake magharibi ya Boulder, tarehe 14 na 15 Aprili 1921. Tazama miezi hiyo. Anayedhani hatari huisha Februari hajaishi Colorado, kwa kuwa Machi na Aprili ndipo unyevu huwa mwingi.

Kwa msafiri, tafsiri yake ni hii. Utabiri ukitaja upepo wa kaskazini magharibi, tatizo litaanzia Georgetown, mji ulio chini ya mpando wa handaki, na kwenda juu. Ukitaja upepo wa mashariki, tatizo litaanzia mlangoni pako, na pengine ng'ambo ya handaki hakuna theluji.

Inchi ni za theluji, lakini mizani ni ya maji

Mifumo ya kompyuta hukadiria kwanza kiasi cha maji, kisha maji hayo hugeuzwa kuwa theluji kwa kuzidisha. Kanuni ya zamani ni mara kumi: inchi moja ya maji ni inchi kumi za theluji. Milimani Colorado, hasa Januari, theluji ni nyepesi zaidi na inaweza kufika mara kumi na tano au ishirini, kwa sababu pale mawingu yanapokuwa na baridi ya nyuzi 12 hadi 18 chini ya sifuri hujenga chembe pana zenye matawi kama nyota, zinazolaliana na kuacha hewa tele katikati. Hivyo nusu inchi ya maji inaweza kuwa inchi 5 za theluji au inchi 10, na mtabiri akikosea baridi ya mawingu kidogo tu, idadi ya inchi hupanda au kushuka mara mbili hata kama maji aliyapatia sawasawa.

Ukitaka kuliona jambo hili kwa macho, chukua glasi ndefu ya maji, ijaze theluji kutoka kwenye ukingo wa baraza bila kuishindilia, uiache mezani jikoni. Theluji ya mwishoni mwa Machi, ile inayovunja matawi ya miti na kuwaumiza watu migongo wakiizoa kwa koleo, itaacha maji ya kina cha upana wa kidole au zaidi. Ile ya Januari itaacha maji kidogo tu kwenye kitako cha glasi, usiamini kwamba ilikuwa imejaa. Ya kwanza huganda na kuwa sakafu ya barafu chini ya magurudumu. Ya pili hupeperushwa na kukuziba macho. Ndiyo maana inchi 6 za aina moja si sawa na inchi 6 za aina nyingine.

Baada ya hapo, acha kutafuta namba moja. Ofisi za utabiri hutoa pia namba mbili za pembeni: ya chini, ambayo kuna nafasi tisa kati ya kumi kwamba itafikiwa au kupitwa, na ya juu, ambayo kuna nafasi moja tu kati ya kumi kwamba itafikiwa au kupitwa. Zikiwa inchi 7 na inchi 10, watabiri wana hakika, nawe panga kwa uhakika. Zikiwa inchi 2 na inchi 18, hata namba ya katikati ikisema 8, ujue bado hakuna anayejua dhoruba itapita wapi, na mwenye mzigo wa haraka apange kwa kufuata ile ya juu. Wenye programu za simu huonyesha ile 8 peke yake, na hilo nalihesabu kuwa ni udanganyifu wa adabu.

Muhimu zaidi kuliko jumla ni kasi. Inchi 10 zinazoanguka kwa siku nzima, magari ya kukwangua theluji huzimudu. Zikianguka kwa inchi 2 kila saa, barabara hufunikwa nyuma ya gari la kukwangua kabla halijageuka. Kwenye ukurasa ule ule uliobofya kuna grafu ya saa kwa saa. Itazame hiyo, uchukue kalamu, uandike saa ambazo kiasi kinapanda na saa ambazo upepo unapanda, kwa sababu safari yako haitakutana na jumla ya siku nzima, itakutana na saa mbili au tatu.

Hapo kwenye saa pana mtego wetu wenyewe, wasemaji wa Kiswahili. Shemeji yangu, aliyekuwa mgeni kutoka Tanga, aliniuliza theluji inaanza lini mlimani. Kwenye skrini yangu kulikuwa na 6 PM, nami kwa uvivu wa ulimi nikamjibu, "Inaanza saa sita." Yeye akaelewa saa sita usiku, akatoka Denver saa kumi na moja jioni akiamini ana nafasi tele, na kufika Georgetown theluji ilikuwa imeshafunika mistari ya barabara. Tangu siku hiyo, kwa mambo ya utabiri, nyumbani kwetu tunataja saa kwa Kiswahili kamili pamoja na kipindi chake: saa kumi na mbili jioni, saa tisa usiku. Ukikutana na alama ya Z au UTC, yaani saa za kimataifa, kwenye ramani za kompyuta, punguza saa saba kupata saa za Colorado za majira ya baridi. 12Z ni saa kumi na moja alfajiri.

Soma maelezo ya mtabiri mwenyewe

Chini ya ukurasa huo kuna kiungo cha andiko liitwalo Area Forecast Discussion, ambamo mtabiri wa zamu huandika kwa nini ameamua alivyoamua. Lugha yake ni ya kifundi, lakini huhitaji kuelewa kila neno. Tafuta vitu vitatu: upepo unatoka wapi, mifumo ya kompyuta inakubaliana au inagombana, na mtabiri anasema ana hakika kiasi gani. Utakuta majina kama GFS, ambao ni mfumo wa Wamarekani unaoendeshwa mara nne kwa siku, na ECMWF, ambao ni wa Ulaya. Siku tano kabla, ukiona mtandaoni ramani iliyopakwa zambarau ikiahidi futi nne za theluji, ujue mtu amechagua ile iliyomtisha zaidi kati ya ramani nyingi. Umbali huo hutoa dalili tu kwamba kuna mabadiliko ya hewa. Siku tatu kabla, anza kufuata mwelekeo: je, kila toleo jipya linaongeza au linapunguza? Saa 24 kabla ndipo saa za kuanza na kumalizika zinapoaminika. Ndani ya saa kumi na nane za mwisho kuna HRRR, mfumo unaosasishwa kila saa kwa miraba ya kilomita 3, nao hufaa sana kwa kukadiria saa ya kuwasili.

Rada usiitegemee sana milimani. Ya Denver iko mashariki mwa jiji na mawimbi yake huzuiwa na safu ya milima. Ile ya Grand Junction imewekwa juu ya Grand Mesa, karibu mita 3,000, na mara nyingi mawimbi yake hupita juu ya theluji inayotoka kwenye mawingu ya chini. Hivyo rada inaweza isionyeshe theluji yoyote wakati watu wanasukuma magari. Kamera za barabarani za COtrip, tovuti ya idara ya usafirishaji ya jimbo, husema kweli zaidi.

Maporomoko na sheria ya tairi

Barabara haifungwi na theluji inayoanguka tu. Mwanzoni mwa Machi 2019, dhoruba zilipofuatana, maporomoko ya theluji yalishuka hadi kwenye I-70 kati ya Frisco na Copper Mountain, na magari yaliyokuwa yakipita yakagubikwa na vumbi jeupe. Kituo cha maporomoko cha Colorado, CAIC, hutoa utabiri wake wa kila siku kwa ngazi tano, na hata wewe usiye na nia ya kupanda mlima usome, kwa sababu ngazi ya nne na ya tano humaanisha kwamba huenda barabara ikafungwa ili maporomoko yaangushwe kwa makusudi kwa baruti. Kufungwa huko hutokea mara nyingi asubuhi baada ya dhoruba, anga likiwa buluu.

Kati ya tarehe 1 Septemba na 31 Mei, kwenye I-70 kati ya Dotsero, magharibi ya Vail, na Morrison, karibu na Denver, gari dogo linatakiwa liwe na tairi za majira ya baridi au zenye alama ya M+S, au liwe linavuta kwa magurudumu yote manne, na kina cha kashata za tairi kisipungue 3/16 ya inchi, karibu milimita 5. Vinginevyo ubebe minyororo. Lori la biashara linatakiwa kubeba minyororo katika kipande hicho kwa kipindi chote hicho, hata jua likiwaka, na dereva atakayeziba barabara kwa kutoifunga inapoamriwa hutozwa zaidi ya dola 1,000. Anayebeba mafuta au mizigo mingine ya hatari ana hesabu ya peke yake: haruhusiwi handakini, hupanda Loveland Pass yenye mita 3,655, na kwa hiyo abofye ramani hapo, si kwenye handaki. Loveland Pass inapofungwa, malori hayo husindikizwa handakini kwa zamu magari mengine yakiwa yamesimamishwa, na kungoja zamu hiyo kunaweza kula muda mrefu.

Siku ya safari

Amka, fungua kamera ya handaki kwanza. Angalia njia za magurudumu: zikiwa nyeusi, chumvi na magari ya kukwangua bado vinashinda; zikiwa za kijivu, vinakaribia kushindwa; zikiwa hazionekani kabisa, hakuna unachokimbilia. Linganisha na grafu uliyoandika jana, uone kama dhoruba imewahi au imechelewa, kwa sababu ikiwahi kuanza kwa saa mbili, basi saa zake mbaya nazo zimesogea. Jaza tanki, weka blanketi, maji, koleo na chaja ndani ya gari, si kwenye buti ambalo mlango wake utaganda.

Ukishapita Idaho Springs, simama Georgetown. Ndio mji wa mwisho wenye mafuta, chakula na nafasi ya kugeuza kwa raha kabla barabara haijaanza kupanda kwa nguvu kuelekea handakini. Fungua kamera tena ukiwa umeegesha, soma tangazo la karibuni la ofisi zote mbili, na kama njia za magurudumu zimetoweka, agiza chai na ubaki hapo hapo.